Daraja la chuma, baridi kali na kosa la mfasiri

Wahenga walionena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wameyaona majira ya baridi ya kaskazini mwa Marekani. Lau wangeyaona, nadhani wangeusema msemo huo kwa sauti kubwa zaidi. Huko, maji huingia katika ufa wa sakafu wakati wa mchana na usiku yakaganda. Na kwa kuwa maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, ufa wa Jumatatu huamka mpana zaidi siku ya Jumanne. Majira yakimalizika, hapo palipokuwa na ufa pana shimo, na saruji imeng'oka vipande vipande.

Msomaji ana haki ya kuniuliza mwalimu wa isimu anatafuta nini katika habari za saruji na barafu. Kazi yangu ya kila siku ni sauti, maneno na sentensi. Mikono yangu imezoea chaki kuliko spana. Jibu langu ni kwamba nina deni. Miaka michache iliyopita niliifasiri karatasi moja kuhusu utunzaji wa mitambo ya kupakulia mizigo wakati wa baridi, nikaifasiri vibaya, na kijana mmoja akavunjika mguu. Kisa hicho sijapata kukiandika. Ninakiandika leo kwa sababu naona kosa nililolifanya kule linafanyika hapa kwetu kila siku, na wanaolifanya ni watu wenye shahada kama mimi.

Mwaka 2018 nilikuwa mhadhiri mgeni katika chuo kikuu kimoja jijini Chicago. Jiji hilo ni njia panda ya biashara ya Marekani. Reli kuu za nchi hukutana pale, barabara kuu nazo hali kadhalika, na upande wa kusini magharibi pametanda mabohari ambayo paa lake moja laweza kufunika viwanja kadhaa vya kandanda. Katika mabohari kama hayo, kwenye majimbo mengi ya eneo hilo, nilikutana na Kiswahili nisichokitarajia. Tangu mwaka 2016, na kwa miaka kadhaa iliyofuata, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopewa makao nchini Marekani. Wengi wao walikuwa wameishi miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu kule Kigoma au Kakuma kwetu Turkana. Walipofika Marekani bila Kiingereza cha kutosha, kazi iliyowapokea upesi ilikuwa ya kupakia na kupakua.

Jirani yangu alikuwa mmoja wao, mtu mzima kutoka Kivu ya Kusini, ambaye hapa nitamwita Mzee kama nilivyokuwa nikimwita. Yeye aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza. Mnamo mwezi wa Novemba alikuja na msimamizi wake wa kazi, wakaniomba niwafasirie kurasa mbili za maagizo ya majira ya baridi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya watu wa zamu ya usiku walikuwa wasemaji wa Kiswahili. Nikakubali kwa furaha. Nilikaa chumbani kwangu palipo na joto, nikapika chai, nikafungua kamusi mbili na kuimaliza kazi hiyo jioni moja. Nililipwa vizuri. Mashine yenyewe sikuiona, wala sikuomba nionyeshwe.

Sharti nieleze mashine hiyo ni nini, maana bila hivyo kisa hakitaeleweka. Sakafu ya bohari la kisasa huinuliwa kiasi cha mita 1.2 kutoka ardhini ili ilingane na sakafu ya trela. Lakini trela hazilingani. Hii iko juu kidogo, ile imeinama kwa uzito wa shehena, na kadiri inavyopakuliwa ndivyo springi zake zinavyoinuka. Huku kwetu pengo hilo aghalabu huzibwa kwa ubao mnene na kwa mabega ya watu. Huko huzibwa na bamba zito la chuma lililolazwa mlangoni juu ya shimo fupi, lenye upana wa mita 2 hivi na urefu unaozidi huo kidogo. Bamba hilo huinuliwa kwa springi, au kwa mafuta yanayosukumwa na pampu ya umeme. Ncha yake ina kipande chenye bawaba, ambacho hujikunjua na kulala juu ya sakafu ya trela. Hapo foklifti yenye uzito wa tani kadhaa hupita, ikaingia na kutoka, usiku kucha.

Kiingereza kina majina yake kwa viungo hivyo vyote. Wapakuaji wale nao walikuwa na majina yao ambayo hakuna kamati iliyowapa. Bamba waliliita daraja, na wengine kilalo, neno ambalo katika Kiswahili cha Kongo lina maana hiyo hiyo. Kile kipande cha mbele kinachojikunjua waliita ulimi. Chini ya daraja palikuwa shimo. Magodoro manene yaliyouzunguka mlango ili kuzuia upepo wakati trela imeegeshwa waliyaita mito. Chuma kinachoinuka kutoka ukutani na kushika mhimili wa nyuma wa trela ili isiondoke kabla ya wakati wake waliita kulabu. Mhimili huo haukuwekwa kwa ajili ya kulabu. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1998 iliulazimisha kwa trela mpya ili gari dogo likigonga nyuma lisiingie chini ya trela. Wenye mabohari wakaona wamepata mahali pa kushikia.

Sasa baridi huingilia wapi? Nilidhani huingilia watu tu. Kumbe chuma, mpira na mafuta navyo vina namna yao ya kuugua.

Mafuta ya pampu huwa mazito kama asali ya asubuhi. Daraja lililokuwa likipanda kwa sekunde chache sasa hujikokota, na mtu asiyejua sababu hubonyeza kitufe tena na tena mpaka mota ikaungua. Dawa yake ni kubadilisha mafuta kabla ya baridi na kutia yale yaliyotengenezwa kwa halijoto ya chini. Bawaba za ulimi nazo hukamatwa na barafu na mchanga, ulimi ukakataa kujikunjua au ukajikunjua nusu. Basi husafishwa kwanza, kisha hutiwa kilainishi kinachostahimili baridi. Grisi ikipakwa juu ya uchafu haifanyi kazi ila kuufunika.

Chumvi ambayo humwagwa uani ili kuyeyusha barafu ni rafiki mwenye masharti. Chumvi ya kawaida huanza kulegea halijoto inapofika nyuzi 9 chini ya sifuri, na ikishuka chini ya nyuzi 21 haifai kitu. Ikifika hapo hutumiwa kloridi ya kalsiamu, au mchanga wa kuwapa watu na magurudumu mahali pa kushika. Isitoshe, chumvi hiyo hiyo hubebwa na magurudumu hadi kwenye daraja, ikadondoka shimoni na kula chuma polepole hadi majira ya joto, wakati ambapo kila mtu amekwisha kuisahau.

Shimo lina mtaro wa kutolea maji. Mtaro ukizibwa na vipande vya mbao za paleti na karatasi za nailoni, theluji iliyoyeyuka mchana hutuama humo na kuganda usiku. Daraja likishuka hukalia barafu badala ya kukaa mahali pake. Mito huwa migumu ikapasuka, na mpasuko mmoja hupitisha upepo unaogandisha unyevu juu ya daraja, utando mwembamba usioonekana ambao wapakuaji waliuita kioo. Mpira wa chini ya mlango hugandamana na sakafu, na mlango ukivutwa kwa nguvu ya mota hung'oka. Kulabu hufunikwa na theluji iliyosukumwa na trela yenyewe inaporudi nyuma, ikapanda bila kushika kitu.

Hata taa ni hadithi. Nje ya kila mlango pana taa nyekundu na ya kijani za kumwambia dereva asimame au aondoke. Balbu za zamani zilikuwa na joto la kuyeyusha theluji iliyozikalia. Taa za LED hazipotezi umeme mwingi kwa joto, na hilo ni jambo jema isipokuwa siku ambayo theluji imeziba taa na dereva akaamua kukisia. Ndani nako, watu hufunga kila mlango ili kuhifadhi joto huku foklifti za gesi zikiendelea kunguruma. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huanza kwa kuumiza kichwa na huweza kumaliza kwa kuua.

Msomaji ataona kwamba karibu yote haya hayahitaji fundi mwenye digrii. Yanahitaji mtu aliye karibu aone, na akishaona aweze kusema, na akishasema asikilizwe. Aonaye kwanza si fundi anayeitwa mara moja kwa miezi mitatu. Ni mpakuaji anayelipita daraja hilo kila baada ya dakika chache, ambaye anajua kwa nyayo zake kwamba leo linatikisika tofauti na jana. Akiwa hana lugha ya kulisema hilo mbele ya msimamizi, ujuzi huo hubaki nyayoni.

Mwishoni mwa Januari 2019 baridi iliishukia Chicago kwa namna ambayo hata wenyeji waliiogopa. Theluji ilianguka kwanza. Kisha Jumatano, tarehe 30, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Shirika la posta lilisimamisha ugawaji wa barua. Shule zilifungwa. Mabohari ya vyakula hayakufungwa, kwa sababu watu hula hata siku ya baridi, na zaidi siku hiyo.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, daraja la mlango mmoja lilikataa kushuka sawasawa. Theluji iliyoingia shimoni siku mbili kabla ilikuwa imeganda kama jiwe. Trela ilikuwa imeondoshwa. Kijana mmoja, hodari wa kazi, akaamua kushuka chini ya daraja na kuivunja barafu ile kwa mtaimbo. Mwenzake akabaki juu ameshikilia kitufe, maana madaraja ya aina ile hukaa juu kadiri kitufe kinavyobonyezwa. Ukikiachia hushuka polepole kwa uzito wake. Kabla ya hapo walikuwa wamesoma karatasi iliyobandikwa ukutani, karatasi yangu. Ilisema: "Funga daraja kabla ya kuingia shimoni."

Wakafunga daraja. Walitandaza mnyororo wa manjano kutoka ukuta hadi ukuta, wakasimamisha alama mbili za plastiki, ili foklifti yoyote isipite. Kama barabara ya kwenu ilipata kubomolewa na mafuriko, unajua kwamba daraja kufungwa maana yake ni hiyo: watu na magari wamezuiwa kupita. Hakuna Mswahili, wa Lamu wala wa Uvira, ambaye angeielewa sentensi ile vingine.

Neno la Kiingereza nililolifasiri kwa "funga" halikuwa na maana hiyo. Katika viwanda vya Marekani neno hilo moja hukusanya matendo kadhaa yaliyoagizwa na kanuni ya usalama ya mwaka 1989: kukata umeme kwenye swichi kuu, kuitia swichi hiyo kufuli la mtu anayeingia hatarini, kuhakikisha kwamba mashine haiwezi kuamka, na kuzuia kila nguvu iliyobaki ndani yake, ukiwemo uzito wa kitu kilichoinuliwa. Kwa daraja lile, uzito huo huzuiwa na mguu wa chuma unaosimamishwa chini yake. Mimi niliona neno la kufuli, kamusi ikanipa kufunga, nikafunga kamusi.

Kisakafu cha mlangoni kilikuwa na kioo. Yule aliyeshika kitufe aliteleza, mkono ukaachia. Daraja likashuka. Kijana aliruka kutoka, lakini mguu mmoja ulibaki, ukavunjika mahali pawili chini ya goti. Mzee ndiye aliyelikimbilia kitufe na kuliinua daraja tena.

Aliniita siku ya Jumamosi. Sikuitwa kama rafiki, niliitwa kama mkalimani, kwa kuwa uongozi ulikuwa umeandika kwamba wafanyakazi wawili walivunja maagizo yaliyoandikwa kwa lugha yao wenyewe, na yule aliyeshika kitufe alikuwa amekwisha kusimamishwa kazi bila malipo. Mzee alinishika mkono, akanipeleka hadi mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "daraja tulilifunga. Mnyororo ndio huu. Karatasi ilisema tufunge, tukafunga. Sasa wanasema hatukufunga. Utueleze wewe, maana karatasi ni yako."

Nilisimama mbele ya mashine ile kwa mara ya kwanza. Niliuona mguu wa chuma umekunjwa chini ya bamba, umepakwa rangi nyekundu, haujaguswa. Niliiona swichi kuu ukutani, hatua chache tu kutoka kwenye mnyororo, ina tundu la kufuli. Kila kitu kilikuwepo. Kilichokosekana ni maneno, na maneno ndiyo niliyolipwa kuyaleta. Nakumbuka nilitazama chini kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Mbele ya uongozi nilisema ukweli huo huo. Niliandika kurasa mbili nikieleza kwamba wafanyakazi waliitii sentensi kikamilifu, na kwamba sentensi ndiyo iliyokuwa na kosa. Niliwakumbusha pia tamko la idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama kazini, OSHA, la tarehe 28 Aprili 2010, kwamba mafunzo ya usalama sharti yatolewe kwa lugha na kwa msamiati ambao mfanyakazi anauelewa, na kwamba haitoshi kumpa asiyejua kusoma karatasi asome. Ninasema haya bila kujisifu, maana utetezi huo ulikuwa wa kuzima moto niliouwasha. Yule aliyesimamishwa alirudishwa baada ya majuma mawili. Malipo ya majuma hayo hakupewa. Kijana alifanyiwa upasuaji, akarudi baada ya miezi kadhaa kwenye kazi ya kukaa, ya kuhesabu mizigo. Anachechemea.

Tuliiandika upya karatasi ile, safari hii tukiwa tumesimama mlangoni tumevaa makoti, na waandishi wakuu walikuwa wapakuaji wenyewe. Kila sentensi tuliipima kwa njia moja: ninaisoma mara moja, kisha mtu ambaye hakuwepo tulipoitunga anafanya alichokisikia. Akifanya kingine, sentensi imeanguka, si yeye. Mahali pa sentensi yangu moja palikuja hizi: "Inua daraja. Simamisha mguu wa chuma, daraja liulalie. Zima umeme kwenye swichi kuu. Tia kufuli lako. Ufunguo uweke mfukoni mwako, usimpe mtu. Jaribu kitufe, daraja likitikisika, usishuke. Ndipo ushuke." Ni ndefu kuliko ya kwanza mara tano, na haina neno hata moja ambalo ningelitafuta kwenye kamusi.

Tuliongeza na mambo ya kila zamu, nayo yalitokana na majina yao. Kabla ya trela ya kwanza: futa theluji kwenye kulabu na kwenye taa; tia kabari chini ya gurudumu hata kama kulabu imeshika; angalia kwamba ulimi umelala juu ya sakafu ya trela kwa upana wa kiganja au zaidi; pangusa kioo, mwaga mchanga; chungulia shimoni, na ukiona maji, sema leo, kwa sababu kesho yatakuwa barafu. Mzee ndiye aliyeitunga sentensi hiyo ya mwisho. Katika miaka yangu yote ya kufundisha nadharia ya tafsiri sijaandika iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa nirudi nyumbani. Atakayesema kwamba Kenya haina theluji isipokuwa kileleni mwa Kirinyaga atakuwa amesema kweli na atakuwa hajasema kitu. Tuna baridi ya kutengeneza wenyewe. Maua ya Naivasha hukaa katika vyumba vya nyuzi chache tu juu ya sifuri kabla ya kupakiwa na kupelekwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Samaki, nyama na maziwa navyo vina vyumba vyao. Milango ya vyumba hivyo hutoa jasho, sakafu zake huteleza, mipira yake huchanika, na mabohari mapya yanayojengwa kandokando ya barabara zetu kuu yana madaraja ya chuma yale yale niliyoyaona Chicago. Yanakuja na vitabu vyake vya maelezo. Vitabu hivyo vimo kabatini ofisini, kwa Kiingereza, na ufunguo wa kabati anao meneja.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ukizisoma mbili hizi pamoja, utatarajia ukutani pa kila bohari onyo la Kiswahili. Tembea uone. Mara nyingi utakuta bango la Kiingereza kilichokolea herufi kubwa, na chini yake, kama lipo, Kiswahili kilichofasiriwa na mtu aliyekuwa ameketi mbali na mashine, kama nilivyoketi mimi. Siku hizi mtu huyo huenda asiwe mtu, bali programu ya kompyuta, nayo haijawahi kuteleza juu ya kioo.

Nawasihi wenzangu wa vyuo vikuu tusijitoe katika lawama hii. Tumetunga istilahi nyingi, nami nimo miongoni mwa watungaji, na nyingi tumezitunga kwa ajili ya wasomaji wa makala zetu. Tumesahau kuwauliza makuli wa Mombasa, mafundi wa jua kali na akina mama wa vyumba vya maua wanaviitaje vitu wanavyovishika kila siku. Ulimi, mito, kulabu na kioo vilikuwepo kabla sijafika. Ningeanza na hivyo, huenda kijana yule angekuwa anatembea vizuri.

Wenye mabohari nao wasidhani kwamba kutunza mashine ni kumwita fundi inapokwama. Katika mazungumzo yetu ya kila siku tunalo neno matengenezo, na mara nyingi tunalitumia kwa kitu kilichokwisha kuharibika. Utunzaji ni jambo la kabla. Huanza na mtaro uliozibuliwa wakati hakuna mvua, mafuta yaliyobadilishwa wakati hakuna baridi, na mpakuaji aliyeulizwa wakati hakuna ajali.

Karatasi ile ya kwanza ninayo. Niliibandua ukutani kwa mkono wangu, na sasa imo katika droo ya meza yangu ya kazi, ina alama ya buti pembeni. Kila mwaka wanafunzi wa somo la tafsiri wanaponiletea zoezi lao la kwanza la maandishi ya kiufundi, huwa siwaulizi walitumia kamusi gani. Nawauliza kama wameiona mashine. Asiyeiona humrudishia karatasi yake bila alama, nikamwelekeza kituo cha basi, aende Gikomba akaione.